Evariste na Kitanda cha Leta

Risasi iliyomwangusha Evariste Manirakiza ilipigwa mchana kweupe, karibu na Mutarule, na mtu ambaye asubuhi ile ile alikuwa amegawana naye ndizi za kuchoma.

Ilikuwa miezi michache baada ya uhuru. Evariste alikuwa dereva wa kamiyo, lori la serikali, akibeba mawe ya kujazia mashimo katika barabara ya bonde la Ruzizi. Asubuhi alipofika Lubarika akasimamishwa na kikundi cha askari waliokuwa wamewatoroka wakubwa wao. Wakaomba lifti, akawapa, akagawana nao ndizi zake za kuchoma. Wakapanda juu ya mawe wakiimba. Walipokaribia Mutarule mmoja wao akagonga paa la kabini kwa kitako cha bunduki na kumwambia ageuze gari, waende Bukavu.

"Siwezi," Evariste akasema. "Kamiyo si yangu, ni ya Leta."

Leta ndilo jina ambalo watu wa kule waliipa serikali tangu enzi za Wabelgiji.

"Leta ni sisi sasa," yule askari akajibu.

Evariste akazima injini, akainama kuchomoa ufunguo. Alitaka kuutupa kwenye mpunga wa watu. Risasi ikamwingia mgongoni, juu kidogo ya kiuno. Wakamvuta kwa mikono, wakamtupa barabarani, wakaondoka na kamiyo na mawe yake.

Honorine, mke wake, alikuwa Kalundu akianika ndagala, dagaa wa ziwani, alipoletewa habari. Alikuwa binti wa wavuvi, mwanamke mrefu mwenye sauti ya kuita mitumbwi, na alikimbia njia nzima magamba ya samaki yakimng'aa mikononi. Alimkuta mumewe kwenye baraza la hospitali ya Uvira, amelazwa juu ya mlango uliong'olewa, macho wazi.

"Mama Félicité," akamwambia, "nivue hivi viatu. Vinanibana sana."

Honorine akatazama. Miguu ya Evariste ilikuwa mitupu.

Aliyemweleza ukweli ni Rémy, msaidizi wa daktari. Daktari mwenyewe, Mbelgiji, alikwisha vuka mpaka na familia yake. Rémy alimpeleka kando, akamwonyesha kwa mkono kwenye kiuno chake mwenyewe. "Mama, miye sikufiche. Kuanzia hapa kushuka, amekufa. Kuanzia hapa kupanda, ni bwana yako."

Nyuma ya hospitali ile kulikuwa na jengo refu la vitanda vya chuma, la watu waliokataa kupona na kukataa kufa. Evariste akapewa kitanda huko. Chakula kililetwa na ndugu, lakini kitanda, dawa, bandeji na ule mpira mwembamba wa kutolea mkojo vilikuwa vya Leta. Honorine akamwacha mtoto wao Félicité kwa bibi mzaa baba huko Nyakabere, akahamia maisha ya kwenda na kurudi kati ya Kalundu na hospitali. Asubuhi alimgeuza mumewe ubavu wa kushoto, jioni ubavu wa kulia. Alijifunza kunusa kidonda kabla hakijaonekana. Siku moja alichelewa Kalundu kwa sababu ya dhoruba ziwani. Aliporudi, ngozi ya kwenye nyonga ya Evariste ilikuwa imefunguka kama ganda la chungwa, na yeye alikuwa anamhadithia jirani habari za mpira wa miguu, hana habari.

Jirani huyo alikuwa Hyacinthe, polisi mstaafu ambaye kiboko alimkata mguu kwenye mlango wa mto Ruzizi. Kigutu chake hakikuwahi kufunga. Alikuwa na mdomo mchafu na moyo mweupe, na kila Honorine alipoingia alimpigia saluti akiwa amelala.

Ikafika mwaka wa sitini na tatu. Likaja baraza kutoka Bukavu: daktari mmoja na maofisa wawili waliovaa miwani ya jua hata ndani ya nyumba. Walitumwa kuamua nani astahili kuendelea kulala kwa gharama ya serikali na nani arudishwe kwao. Walipita kitanda kwa kitanda. Mbele ya Evariste wakasimama.

"Huyu ni mgonjwa au ni kilema?" mkubwa wao akauliza.

"Iko tofauti gani?" Honorine akauliza.

"Tofauti kubwa, mama. Mgonjwa anatibiwa, Leta inalipa. Kilema anatunzwa, na kutunza ni kazi ya ukoo."

"Nikikosa kumugeuza, mufupa unatokea inje. Ile haiko ugonjwa?"

"Ule ni utunzaji."

Rémy akaingilia. "Mpira wake ukiziba asubuhi, saa sita homa imepanda, jioni ni maiti. Huko Nyakabere nani atauzibua? Mama mkwe?"

Yule ofisa akakunja uso, akamgeukia Evariste mwenyewe, kana kwamba ndiye mkosaji. "Ulipata ajali gani?"

"Nilikuwa kazini, chef. Nilipigwa risasi."

"Mashine ya serikali ikikuvunja, hiyo ni kazi. Ukipigwa risasi na mwizi, hiyo ni bahati mbaya yako."

"Hakuwa mwizi," Evariste akasema taratibu. "Alikuwa askari wa Leta, na unifomu yake, na bunduki ya Leta."

Mkubwa wao akavua miwani, akaifuta. Nje kuku alikuwa akiparua changarawe. Hatimaye wakasema jambo lake litatazamwa tena mwaka unaofuata, wakasogea kwa Hyacinthe. Walipotoka Hyacinthe akapiga saluti, kisha akatema mate sakafuni.

Mwaka uliofuata baraza halikuja. Walikuja waasi waliojiita Simba.

Waliteremka kutoka milimani mwezi wa tano, vijana wenye matawi kichwani na chale mbichi kwenye paji la uso, wakiamini dawa waliyonyunyiziwa ingegeuza risasi kuwa maji. Askari wa serikali wakakimbia kandokando ya ziwa wakitupa mabuti. Kwa siku kadhaa Uvira ilikuwa mji wa milango iliyofungwa. Makarani wakatolewa majumbani mwao, na chifu wa mtaa mmoja, na mwalimu aliyekuwa na redio. Honorine alipita karibu na soko akiwa na sufuria ya ugali kichwani, akaona miili imelazwa bega kwa bega kama ndagala kwenye mkeka, na mwanamke mmoja anawafunua nyuso akitafuta wa kwake. Hakusimama. Mumewe alikuwa hajageuzwa tangu jana.

Ndipo alipomwona Rémy uani mwa hospitali. Vijana wa Simba walikuwa wamemzunguka. Mmoja alidai kwamba Rémy alimpa ndugu yake sindano ya sumu. Mwingine alipiga kelele kwamba anavaa viatu vya Wazungu. Rémy alivua viatu, akavipanga vizuri pembeni. "Haya, viatu hivi hapa," akasema. "Sasa niacheni niende ndani, iko watu wananingoja." Alipogeuka panga likampata shingoni. Hakuanguka mara moja. Alipiga hatua kuelekea mlangoni, mkono umeshika shingo, na wa pili akampiga mgongoni, na wa tatu, na baada ya hapo walikuwa wengi, wakipiga hata pale ambapo hapakuwa na la kupiga tena. Honorine alijibanza nyuma ya ukuta wa kufulia, sufuria ameikumbatia. Ugali ukamchoma kifua na hakusikia.

Walipoondoka aliingia ndani. Akamgeuza mumewe.

"Rémy yuko wapi?" Evariste akauliza. "Mpira umeanza kuziba."

"Anakuja," Honorine akasema. Akauzibua mwenyewe, kama alivyomwona Rémy akifanya mara nyingi, huku machozi yakimdondokea mumewe tumboni.

Komanda wa waasi aliyepewa hospitali aliitwa Sylvestre. Zamani alikuwa karani wa kampuni ya pamba bondeni, akafukuzwa. Siku ya pili alipita vitandani na fimbo, walinzi wake wamebeba mikuki na bunduki moja. Sheria yake ilikuwa fupi: vitanda ni vya wapiganaji waliojeruhiwa na vya watu walioteswa na serikali. Wengine nje.

Mbele ya Hyacinthe akauliza, "Weye ulikuwa nani?"

Hyacinthe angeweza kusema mvuvi. Wote mle ndani walikuwa wakiomba aseme mvuvi. Lakini mzee aliinua mkono ukaenda kwenye paji, kwa mazoea au kwa kiburi, hakuna ajuaye. "Brigadia wa polisi. Mustaafu."

"Nani alikukata muguu?"

"Kiboko."

Wale vijana wakacheka. Hata Sylvestre alicheka. Kisha akaashiria kwa fimbo, nao wakamvuta kwa ule mguu mmoja. Kichwa cha Hyacinthe kikagonga sakafu, kikagonga kizingiti, kikagonga ngazi.

"Mwacheni!" Evariste akapiga kelele. "Ni mzee! Iko kilema!" Alijaribu kujiinua kwa mikono, akabingirika, akaanguka chini, mpira ukachomoka, damu na mkojo vikatapakaa. Nje ukasikika mlio mmoja wa bunduki. Walikuwa wabahili wa risasi zao, hawakutumia mbili.

Sylvestre aliinama juu ya Evariste pale sakafuni. "Na weye? Kiboko pia?"

Evariste aliendelea kutazama mlango. Komanda akamwekea fimbo kooni. Honorine akapiga magoti kati yao.

"Si kiboko, ni askari, Bwana Komanda. Askari wa Leta walimupiga risasi mu mugongo. Ulizeni bantu bote."

"Ni kweli?"

"Ni kweli," Evariste akasema.

Uso wa Sylvestre ukabadilika. Akaondoa fimbo. Akaamuru ndugu huyu anyanyuliwe, aoshwe, apewe godoro nene kuliko yote. Na Jumapili wakaja na kiti, wakamfunga Evariste kwa kamba kifuani asidondoke, wakambeba mpaka uwanja wa mpira. Umati ulikuwa umekusanywa kwa fimbo. Wakamgeuza, wakamvua shati, wakawaonyesha watu kovu. "Tazameni kazi ya serikali!" Sylvestre akapaza sauti. Watu wakapiga makofi kwa hofu. Evariste alikaa kitako juani, kichwa kimeinama. Akatembezwa hivyo Jumapili nyingine, na nyingine, mpaka kamba ikamfungulia kidonda kipya chini ya kwapa.

"Wananibeba kama mubuzi wa kuuzwa," alimwambia mkewe.

"Lakini unalala kitandani."

"Kitanda kile iko na damu ya Hyacinthe pembeni. Hukuiona?"

Aliiona. Alikuwa ameisugua kwa jivu na haikutoka.

Mvua zilipoanza, ndege zikaja. Zilipita chini juu ya ziwa, zikageukia mlimani, na mabati ya mji yakatetemeka. Nyuma yake likaja jeshi la serikali na Wazungu wa kukodiwa ndani ya jeep. Dawa ya Simba haikugeuza kitu kuwa maji. Sylvestre alionekana mara ya mwisho akipanda njia ya mlimani, amevaa gauni la mwanamke. Waliobaki ni majeruhi waliolala katika lile jengo refu, wengi wao vijana wa kunyonya vidole.

Honorine alikuwa ndani askari walipoingia. Walianzia kitanda cha kwanza. Aliyekuwa na kidonda cha risasi alikuwa mwasi, na mwasi alipigwa risasi pale pale, juu ya shuka. Hawakuuliza majina. Mlio, hatua, mlio. Kijana mmoja aliita mama yake kwa Kifuliiru, mlio ukakata neno katikati. Moshi ukajaa mpaka madirisha yakawa hayaonekani.

Wakafika kwa Evariste. Askari akamgeuza kwa buti, akaona kovu.

"Risasi."

"Ya zamani!" Honorine akajitupa juu ya mumewe. "Ya mwaka wa uhuru! Angalia miguu yake, papa, angalia!" Akavuta shuka, akaitoa ile miguu, mikavu, myembamba, magoti makubwa kuliko mapaja. "Muguu kama hii inaweza kukimbia mu pori? Inaweza kupigana na nani?"

Askari akaitazama. Mwenzake akasema, "Anadanganya. Watu wanajifanya." Akaweka singe juu ya paja la Evariste, akamtazama usoni, akaisukuma ndani.

Honorine alipiga yowe. Evariste hakupepesa jicho. Singe iliingia mpaka ikagusa godoro, na damu ikapanda kuzunguka chuma, nzito, na Evariste aliendelea kumtazama yule askari kwa macho makavu, kama mtu anayengoja kujua wengine wanacheka nini.

"Kweli amekufa huko chini," askari akasema. Akachomoa singe, akaifuta kwenye shuka, wakasogea kitanda kingine.

Lile paja lilioza. Hapakuwa na muuguzi wala dawa. Honorine aliliosha kwa maji ya chumvi ya moto, akakata nyama iliyokufa kwa wembe, na kwa majuma mengi Evariste alizungumza na watu waliokufa. Alimwambia Rémy alete mpira. Alimwambia Hyacinthe aache saluti.

Hakufa. Mwishoni mwa mwaka akaletwa daktari mgeni, dawa zikarudi, na pamoja na dawa likarudi lile swali. Safari hii aliyeuliza alikuwa luteni, kijana nadhifu aliyewekwa kusimamia hospitali. Aliweka meza uani, akaitisha mmoja mmoja. Serikali, alisema, itawatunza wale tu walioumizwa na waasi. Ndugu wawili wakambeba Evariste kwa machela mpaka mbele ya meza.

"Nimeambiwa ulitembezwa uwanjani na waasi," luteni akasema.

"Walinibeba. Sikutembea."

"Nani alikupiga risasi?"

Evariste akafungua mdomo. Honorine alijua neno lililokuwa linakuja, maana alimjua mumewe: mtu aliyezima injini mbele ya bunduki. Aliona machela ikirudishwa barabarani, mpira ukiziba kwenye nyumba ya nyasi Nyakabere, homa, jioni.

"Ni waasi," akasema Honorine.

"Namuuliza yeye."

"Hawezi kusema vizuri, chef, homa ilimuharibu kichwa. Ni waasi. Walimupiga risasi, wakamuchoma singe, wakamufunga kamba, wakamutembeza. Miye nilikuwa pale. Niliona yote kwa macho."

Luteni akamtazama Evariste. "Ni kweli?"

Evariste alimtazama mkewe, muda mrefu, kama anayemwona mtu wa kigeni sokoni. Kisha akageuza uso upande wa machela, akafumba macho. Luteni akaichukua hiyo kuwa ndiyo.

"Abaki," akasema. "Anayefuata."

Alipewa kitanda karibu na dirisha, na mpira mpya, na sabuni. Na hakumwambia Honorine neno. Alipomgeuza alijiachia kama gunia; alipomlisha alimeza. Siku zikapita hivyo, hata wagonjwa wengine wakaanza kunong'ona. Mwisho Honorine akachoka. Alikuwa anamfunga bandeji, akaiacha katikati.

"Sema basi. Nitukane."

Evariste akageukia dirisha.

"Ulitaka nifanye nini? Nikuzike na kweli yako?"

"Ndiyo," Evariste akasema. Sauti yake ilikuwa imeota kutu. "Mutu yule alikula ndizi yangu, akanipiga risasi. Ni kitu moja tu niko nacho ninachokijua sana. Umekiuza kwa shuka na sabuni."

Honorine akakaa pembeni ya kitanda. Hakuwa mtu wa kulia mbele ya watu, na hakulia. "Shuka na sabuni," akasema. "Na mpira. Na Félicité kumuona baba yake akiwa mukubwa kidogo. Ile ndiyo bei waliyouliza, Baba Félicité. Miye sikuipanga."

Alimaliza kufunga bandeji. Alipoinuka kuondoka, Evariste akamshika kiganja. Hakusema amesamehe. Alisema ndevu zinamwasha, na kwamba kama kuna wembe ambao haujakata nyama yake, angependa kunyolewa.

Aliishi zaidi ya mwaka mmoja baada ya hapo. Félicité aliletwa kila wakati wa mavuno, akakaa juu ya lile paja lililopona vibaya, akifundishwa herufi za Kifaransa. Maluteni walibadilika, daktari mgeni akaondoka, na hakuna aliyeuliza tena, labda kwa sababu walisahau kwamba yumo. Figo ndizo zilizomchukua, mwezi wa kiangazi, mchana, ziwa likiwa tulivu. Honorine alikuwa ametoka tu kumgeuza ubavu wa kulia. Alimwosha mwenyewe, akakodi baiskeli mbili zilizofungwa pamoja kwa miti, akaisindikiza maiti mpaka Nyakabere kupitia Mutarule. Pale barabarani Evariste alipopigwa risasi, waendesha baiskeli walitaka kupumzika chini ya mti, akawakataza, wakapita bila kusimama.